Taliti ipi, uzi upi: ulinganisho kwa anayenunua tsitsiti kwa mara ya kwanza

Mtu akiingia duka la taliti, nguo ya pembe nne ya Wayahudi yenye vishada viitwavyo tsitsiti, mkono wake huenda kwanza kwenye kitambaa. Atakipapasa, atakikunjua, ataangalia kama mistari ni myeusi au myeupe, halafu atauliza bei. Mimi nilifanya vivyo hivyo. Taliti yangu ya kwanza niliichukua kwenye kibanda cha zawadi za watalii Yerusalemu: sufu laini, mistari ya buluu na dhahabu, na mfuko wake umetariziwa nyota. Rabi wangu alipoishika hakuitazama nguo hata kidogo. Alichukua pembe moja, akapitisha vidole kwenye kishada, akauliza nyuzi hizi zimesokotwa na nani na kwa nia gani. Sikuwa na jibu, na kwenye kibandiko hapakuwa na neno lolote. Jioni ile tulivikata vishada vyote vinne, tukafunga vipya kwa mikono yetu, na asubuhi yake ndipo nilipoivaa kwa baraka.

Ndiyo maana nikiulizwa "ninunue ipi?" naanzia kwenye uzi, kitambaa kinafuata. Amri yenyewe imekaa hivyo. Katika Hesabu 15:37-41 Waisraeli wanaagizwa kutia vishada kwenye pembe za nguo zao ili wavitazame na kuzikumbuka amri zote. Kumbukumbu la Torati 22:12 inaongeza kwamba pembe ni nne. Torati haikuagiza mtu anunue vazi maalumu. Inasema ukivaa nguo yenye pembe nne, itie vishada. Shati na suruali za leo hazina pembe nne, kwa hiyo mtu angeweza kuishi umri wake wote bila kudaiwa amri hii. Wayahudi wanavaa nguo ya pembe nne kwa makusudi, ili wajiingize wenyewe kwenye deni hilo na kulilipa kila siku. Jambo hili bado hunigusa kila ninapolifikiria.

Msomaji wa pwani asichanganye na kikoi. Matamvua ya kikoi ni nyuzi za kitambaa chenyewe, zimesokotwa mwishoni ili nguo isifumuke. Tsitsiti ni nyuzi zilizoletwa kutoka nje ya nguo: nne hupitishwa kwenye tundu karibu na kila pembe, zikikunjwa zinakuwa nane. Taliti nyingi zina vyote viwili, matamvua ya urembo kwenye kingo mbili na tsitsiti kwenye pembe nne, na mgeni hudhani yote ni kitu kimoja.

Kubwa au ndogo

Taliti kubwa ni shuka la sala. Huvaliwa juu ya nguo nyingine wakati wa sala ya asubuhi, kisha hukunjwa na kurudishwa mfukoni mwake. Taliti ndogo ni kipande cha nguo chenye tundu la kichwa, kimeachwa wazi ubavuni, huvaliwa mchana kutwa, mara nyingi chini ya shati. Vishada vyake ni vilevile vya taliti kubwa: nyuzi za aina ileile, mafundo yaleyale, masharti yaleyale. Kinachotofautiana ni muda unaokaa mwilini.

Kama fedha inatosha moja tu, nakushauri uanze na ndogo. Masinagogi mengi huweka taliti kubwa za kuazima karibu na mlango, na mgeni anaruhusiwa kuchukua moja na kuirudisha baada ya sala. Ndogo hakuna atakayekuazima. Na hesabu ya saa haifichiki: kubwa inakaa begani saa moja hivi, ndogo inakaa nawe sokoni, kazini, kwenye basi, mahali ambapo mtu anahitaji kukumbushwa kuliko anavyohitaji akiwa ndani ya sinagogi.

Kabla ya kumnunulia mtu taliti kubwa kama zawadi, uliza nyumba yao inafuata desturi gani. Kwa wengi wa Waashkenazi, yaani Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, hasa wenye asili ya Mashariki, mwanamume haivai mpaka aoe. Wanaeleza desturi hiyo kwa jinsi mistari ilivyopangana: Kumbukumbu 22:12 inataja vishada, na mstari wa 13 unaanza na mtu anayeoa mke. Katika nyumba nyingi za aina hiyo taliti ya kwanza ni zawadi kutoka upande wa bibi harusi, na mjomba anayetangulia kuinunua huwa amewanyang'anya wenzake heshima yao bila kujua. Waashkenazi wenye asili ya Ujerumani hawana desturi hiyo, wala Wasefardi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Mediterania. Kwao kijana huvaa kuanzia miaka 13 anapofikia umri wa amri, na wengine hata kabla.

Hili linarudi kwenye taliti ndogo kwa njia ambayo wanunuzi wengi hawaioni. Aliyeoa akivaa taliti kubwa asubuhi anasoma baraka ya kujifunika kwa tsitsiti, na baraka hiyo inachukua pamoja na ile ndogo aliyoivaa ndani. Kijana asiyeoa hana taliti kubwa, kwa hiyo baraka yake ya asubuhi, ile ya amri ya tsitsiti, inasimama juu ya ndogo peke yake. Basi lazima ndogo hiyo iwe na kimo kinachostahili baraka. Mishna Berura, kitabu cha sheria ambacho Waashkenazi wengi hukitegemea, kinataka urefu wa robo tatu ya dhiraa na upana wa nusu dhiraa, mbele hivyo na nyuma hivyo. Kwa dhiraa ya sentimita 48 hiyo ni kama 36 kwa 24. Chazon Ish, mwanachuoni aliyeishi Bnei Brak, Israeli, alitaka zaidi, dhiraa nzima kwa dhiraa nzima kila upande, na dhiraa yake ni ndefu, karibu sentimita 58. Tundu la kichwa halihesabiwi kwenye kipimo. Zile ndogo sana zinazofanana na bibu ya mtoto, mtu mzima aziache hata zikiwa na nyuzi bora.

Kwa upande wa kubwa kuna tofauti nyingine. Katika baadhi ya masinagogi, hasa ya Wareform na ya Wakonsavativu, mikondo ya kisasa ya Kiyahudi, huko Marekani, utaona taliti nyembamba inayoning'inia shingoni mithili ya skafu. Ni nyepesi, inakunjwa ndogo, na haisumbui. Lakini maneno ya baraka ni "kujifunika", na skafu haimfuniki mtu. Kwa kuwa bei hazipishani sana, chukua shuka kamili, lile linaloweza kupandishwa juu ya kichwa na kuangukia mgongoni. Mtu mrefu aijaribu dukani akiwa amesimama, maana pembe mbili za nyuma zikiishia kiunoni utaiona fupi kila siku.

Usiku hakuna deni. Amri inasema "mvitazame", na marabi wakaelewa ni wakati wa mwanga. Ndiyo sababu taliti kubwa haionekani kwenye sala za jioni isipokuwa usiku wa Kol Nidre, sala inayofungua Siku ya Upatanisho, na hata hapo huvaliwa kabla jua halijazama ili baraka isomwe mchana.

Uzi: hapa usibane fedha

Sharti la kwanza la uzi wa tsitsiti halionekani kwa macho. Ni lazima usokotwe kwa nia ya amri hii, na anayesokota aseme hivyo mwanzoni mwa kazi. Uzi mzuri wa dukani, sufu safi kabisa iliyosokotwa kwa ajili ya sweta, haufai, na hakuna kuubariki baadaye ukafaa. Hapo ndipo kibanda changu cha watalii kilipoangukia.

Madukani utakuta aina mbili. Uzi wa mashine husokotwa na mtambo, mtu akiuwasha huku akitamka nia. Uzi wa mkono husokotwa na mtu mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Marabi wamebishana kama nia ya anayebonyeza swichi inaendelea kuishi ndani ya mtambo unaojizungusha wenyewe saa nzima. Wengi wanakubali uzi wa mashine, hasa kwa mwenye kipato kidogo au kwa mtoto, na wengi hao hao wanasema wa mkono ni bora. Naungana nao. Bei inapanda, lakini uzi wa mkono ukitunzwa hudumu miaka, na shaka inakutoka moyoni.

Kisha kuna unene. Uzi mwembamba unaonekana nadhifu na mafundo yake yanakaa madogo; tatizo ni kwamba hujisokota wenyewe na kukatika upesi kwenye taliti ndogo, ambayo inasuguana na mkanda, kiti na mlango wa gari. Kwa ndogo chagua mnene. Kwa kubwa mwembamba unavumilika. Urefu baada ya kufungwa uwe angalau upana wa vidole gumba 12, na Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi wa kale, inapenda theluthi moja iwe mafundo na mizunguko, theluthi mbili ziachwe zikining'inia. Kishada ambacho nusu yake ni mafundo kinaonekana kizito na kifupi. Kinafaa, lakini si kizuri, na hapa uzuri una uzito wake.

Ununue iliyokwisha kufungwa, au nyuzi peke yake ufunge mwenyewe? Kama kuna mtu wa kukufundisha, funga mwenyewe. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Tundu lisiwe mbali mno na ukingo wala karibu mno: zaidi ya urefu wa kifundo cha juu cha kidole gumba, na lisivuke upana wa vidole vitatu. Kuna kanuni moja ambayo fundi cherehani anaweza kuivunja kwa nia njema tu: nguo iwe na pembe zake kwanza, ndipo vishada vitiwe. Ukifunga tsitsiti kwenye kipande kisha ukakishona kwenye nguo, vishada havifai hata kama kila fundo limekaa sawa, kwa sababu Torati imesema "wafanye", na hapo vilikuwa vimeshafanyika kabla nguo haijadaiwa. Pembe ikichanika, mpelekee rabi kabla ya kumpelekea fundi.

Mafundo

Nyuzi saba ni za urefu mmoja, ya nane ni ndefu, na Wayahudi wanaiita mtumishi. Ndiyo inayozungushwa kuwazunguka wenzake kati ya mafundo matano, kila fundo likiwa limekazwa mara mbili. Idadi ya mizunguko ndiyo inayotofautiana.

Waashkenazi huzungusha mara 7, kisha 8, kisha 11, kisha 13. Kila herufi ya Kiebrania ni namba pia: saba na nane ni kumi na tano, thamani ya herufi mbili za kwanza za Jina la Mungu kwa Kiebrania. Kumi na moja ni mbili za mwisho. Kumi na tatu ni neno "ehad", mmoja. Jumla 39: Bwana ni mmoja. Wasefardi wengi huzungusha 10, 5, 6, 5, herufi za Jina moja moja kwa mpangilio wake, jumla 26. Wayahudi wa Yemeni hufuata Rambam (Maimonides), mwanasheria mkuu wa zama za kati, ambaye hahesabu mizunguko kwa namna hiyo bali mafungu madogo ya mizunguko mitatu mitatu, kuanzia mafungu 7 hadi 13, na kishada chao kinaonekana kama mlolongo wa shanga. Chabad, kundi la Kihasidi, huchanganya: idadi ya 7, 8, 11, 13, lakini ndani yake mizunguko imegawanywa tatu tatu, na taliti yao ndogo ina matundu mawili kila pembe badala ya moja.

Rashi, mfafanuzi mkuu wa Torati aliyefariki mwaka 1105, aliandika kwamba neno tsitsiti kwa hesabu ya herufi ni 600, ongeza nyuzi 8 na mafundo 5, unapata 613, idadi ya amri zote. Mwanafunzi akilishika hilo huwa hasahau tena idadi ya mafundo.

Ni ipi ya kuchagua? Hapa sina ushauri wa ladha. Fuata baba yako, na kama huna baba wa kumfuata katika jambo hili, fuata jumuiya unayosali nayo. Hakuna mpangilio unaobatilisha mwingine. Nimeona vijana wakichagua mafundo ya Kiyemeni kwa sababu yanapendeza, kisha wakalazimika kujieleza kila Sabato kwa wazee wasiofurahia.

Nyeupe tupu, au na samawi

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Hesabu 15:38 inataka kila kishada kiwe na uzi wa samawi. Kiebrania kinauita tekhelet, tuuite tekeleti. Rabi Meir anasema katika Talmudi kwamba tekeleti inafanana na bahari, bahari inafanana na mbingu, na mbingu inafanana na kiti cha enzi cha utukufu. Rangi yake ilitoka kwa kiumbe wa baharini aitwaye hilazoni. Kisha ikapotea. Kufikia karne ya 8 hivi Wayahudi walikuwa wanafunga nyeupe tu, na kumbukumbu ya hilazoni ni mnyama gani ilikuwa imekatika. Kwa zaidi ya miaka elfu moja mtu alisoma kila asubuhi na jioni mstari unaomwagiza uzi ambao hakuna aliyejua kuutengeneza.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, Rabi Gershon Henoch Leiner wa Radzyn, Poland, alisafiri hadi Naples kutazama viumbe wa bahari, akarudi na hakika kwamba hilazoni ni ngisi. Wafuasi wake wakaanza kuvaa samawi, na Wahasidi wa Radzyn pamoja na baadhi ya Wabreslov, kundi jingine la Kihasidi, wanaivaa mpaka leo. Mwaka 1913 kijana aitwaye Isaac Herzog, ambaye baadaye alikuwa Rabi Mkuu wa Ireland na kisha wa Israeli, aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha London juu ya rangi hiyo. Alipeleka sampuli za Radzyn maabara, na wanakemia wakamjibu kuwa ni buluu ya Prussia: rangi ya kutengenezwa, inayopatikana damu ya kiumbe chochote ikichemshwa na chuma. Ngisi hakuchangia kitu cha pekee.

Macho yakageukia konokono wa baharini, Murex trunculus, ambaye makombe yake yamefukuliwa kwa wingi kwenye pwani ya zamani ya Wafoinike. Kikwazo kilikuwa kwamba konokono huyo alitoa zambarau, na haikuwa samawi. Katika miaka ya 1980 Otto Elsner wa chuo cha Shenkar, Ramat Gan, alitambua kwamba siku za mawingu uzi ulitoka wa zambarau na siku za jua ulitoka samawi. Mwanga wa jua ukipiga rangi ikiwa bado imeyeyushwa ndani ya chombo, unaibadilisha. Mwaka 1988 Rabi Eliyahu Tavger alipaka nyuzi za kwanza kwa njia hiyo kwa kufuata masharti ya sheria, na kutoka hapo taasisi ya Ptil Tekhelet ikaanza kuzitengeneza kwa ajili ya watu wote.

Kwa mnunuzi, mambo matatu yanamhusu.

Bei ni kubwa mara kadhaa kuliko seti nyeupe, kwa kuwa kila konokono hutoa tone dogo. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 wa jamii ya karibu kupata gramu 1.4 tu za rangi.

La pili ni uaminifu, na hapa uwe makini sana. Rangi ya samawi inayotoka kwa konokono, ikishapigwa na jua, kwa kemia yake ni nili ileile inayotoka kwenye mmea. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Talmudi ilimwonya vikali mtu anayefunga nili na kuiita tekeleti. Kwa hiyo hununui rangi tu. Unanunua neno la aliyeipaka. Seti isiyo na cheti cha rabi anayejulikana, hata ikiwa ya samawi safi kama anga la Kaskazi, usiinunue.

La tatu ni idadi ya nyuzi. Rambam alielewa kwamba katika ncha nane moja tu ni ya samawi. Raavad, aliyempinga, alisema mbili. Rashi na Tosafot, wafafanuzi wa Talmudi waliomfuata Rashi, walisema nne, nusu kwa nusu. Dukani seti zote tatu zipo, na kila moja ina namna yake ya kuzungushwa. Mpangilio wa Rambam ni wa bei nafuu kuliko mingine kwa kuwa samawi ni kidogo.

Marabi hawajakubaliana. Rabi Hershel Schachter wa Chuo Kikuu cha Yeshiva, New York, anaunga mkono tekeleti ya konokono. Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Yerusalemu, aliyefariki mwaka 2012, hakuikubali, na wengi wa Waharedi, Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali zaidi, wanamfuata: mapokeo yaliyokatika, wanasema, hayaunganishwi na maabara. Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo mimi nimeamua kuvaa samawi, kwa sababu Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inasema wazi kwamba nyeupe haizuiwi na kukosekana kwa samawi, wala samawi haizuiwi na kukosekana kwa nyeupe. Kama konokono huyu si hilazoni, nimevaa uzi wa rangi usio na ubaya. Kama ndiye, nimetimiza mstari ambao mababu waliusoma kwa karne nyingi wakiutamani. Lakini simwambii anayeanza aanze hapo. Vaa nyeupe mwaka mzima kwanza. Jumuiya yako ikiwa haivai samawi, mwulize rabi kabla hujawa wa kwanza.

Sasa kitambaa

Rabi Yosef Karo, ambaye Wasefardi humfuata, aliandika kwamba kwa mujibu wa Torati nguo za sufu na kitani pekee ndizo zinazodaiwa. Nyingine zote zinadaiwa kwa agizo la marabi. Rabi Moshe Isserles, ambaye Waashkenazi humfuata, alisema kitambaa chochote kinadaiwa kwa Torati. Matokeo yake ni kwamba sufu ndiyo inayomtoa kila mtu kwenye shaka. Kitani kiweke kando kabisa: nyuzi za sufu kwenye nguo ya kitani zinakuingiza kwenye katazo la kuchanganya vitu hivyo viwili.

Lakini sufu Tel Aviv mwezi wa nane si jambo dogo, wala Mombasa mwezi wa pili. Taliti ndogo ya pamba ni halali, inafuliwa kirahisi, na Chazon Ish mwenyewe alivaa pamba. Mtu anayejua kwamba ataivua ya sufu kufikia saa nne asubuhi kwa sababu ya jasho, avae pamba na akae nayo mpaka magharibi. Poliesta na nailoni ndizo za kuziepuka: Rabi Moshe Feinstein wa New York aliamua kwamba nguo hizo hazidaiwi tsitsiti kabisa, na ukizisomea baraka umetaja Jina bure. Zile za wavu zinazouzwa kwa wanamichezo mara nyingi ni poliesta. Soma kibandiko. Taliti ndogo iliyoshonwa kama fulana iangalie ubavuni: sehemu kubwa ya ubavu, zaidi ya nusu, iwe wazi, la sivyo haina pembe nne.

Mistari ni desturi tu. Myeusi kwa Waashkenazi wengi, myeupe kwa Wasefardi wengi, na ya rangi kwa anayependa. Mistari ya taliti ndiyo iliyoingia kwenye bendera ya Israeli. Usilipe zaidi kwa ajili yake.

Nje au ndani ya suruali

Mishna Berura iliwalaumu wanaoficha vishada vyao: mfalme wa kibinadamu angekupa nishani ungeivaa juu ya koti. Kwa hiyo Waashkenazi wengi huviacha vining'inie. Wasefardi wengi, wakimfuata Rabi Isaac Luria wa Safed, mwalimu wa Kabbala, huviingiza ndani, na Rabi Ovadia Yosef, kiongozi wao wa karne iliyopita, aliwashikilia hapo. Zote ni njia za watu wacha Mungu. Anayeishi katika mji wa Ulaya ambako Wayahudi hushambuliwa barabarani ana sababu yake ya kuviingiza ndani, na hakuna rabi nimjuaye anayemhukumu.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi kwa kuwa uamuzi hapa si wangu. Amri inafungwa na muda, kwa hiyo sheria ya zamani inawasamehe. Isserles aliandika kwamba mwanamke akitaka anaweza, ila ingeonekana kama kujionyesha. Waorthodoksi wengi wameishia hapo. Kwa Wareform na Wakonsavativu wanawake wengi huvaa, na maduka sasa yana taliti za hariri na za rangi zilizoshonwa kwa vipimo vyao. Anayenunua aangalie uzi kwa ukali uleule; hariri nzuri huwa inafunika uzi mbovu.

Kwa walioko Afrika Mashariki

Jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, inavaa taliti, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja lake Marekani mwaka 2008 katika mkondo wa Kikonsavativu. Nairobi ina sinagogi na jumuiya tangu mwanzo wa karne ya 20. Aliye karibu na mojawapo aulize huko kabla ya kuagiza mtandaoni. Njia rahisi ni kumwomba msafiri akuletee nyuzi tu. Pakiti ya uzi wa mkono inaingia kwenye mfuko wa shati, na kitambaa cha sufu au pamba cha pembe nne kinaweza kushonwa hapa kwa kipimo chako, mradi fundi amalize kazi yake kabla ya wewe kuanza yako.

Shali za maombi zinazouzwa kwa makanisa Kenya na Tanzania ni bidhaa nyingine. Nyingi ni poliesta zenye nyuzi zisizo na nia. Talmudi yenyewe ilikataza kumuuzia asiye Myahudi nguo yenye tsitsiti bila kuzitoa kwanza, kwa hiyo usitegemee kwamba shali iliyopita sokoni hivyo ilifungwa kwa kufuata sheria.

Ukishainunua

Kila asubuhi kabla ya baraka, tenganisha nyuzi nane za kila kishada na uziangalie. Ncha moja ikikatika chini, mbali na mafundo, kishada kwa kawaida bado kinafaa. Ikikatika juu, karibu na tundu kabla ya fundo la kwanza, hakifai na lazima kifungwe upya. Ukifua taliti ndogo, vifunge vishada vinne pamoja kwa kitambaa au uviweke ndani ya soksi ili visijisokote. Ya sufu kubwa mpe dobi wa nguo za sufu, na umwambie mapema kwamba hivyo vishada vinne vya pembeni havikatwi hata vikionekana vimechakaa. Nyuzi kuukuu ulizozitoa usizitupe mahali pachafu. Wengi huziweka ndani ya kitabu cha sala kuwa alamisho. Zile zangu za kwanza, za kibanda cha watalii, hazikuwa na heshima hiyo kisheria, lakini nazo nilizihifadhi.